Khisa Mbili, Moja Bila Avokado

"Khisa mbili! Moja bila avokado!"

Mzee Khisa alisimama wima, kofia mkononi. "Niko!" akajibu, na ile sauti yake ambayo ugonjwa ulikuwa umeikwaruza ikafika hadi meza za mlangoni.

Hoteli nzima ikageuka. Weita aliyekuwa ameita, mama wa makamo mwenye aproni ya kijani, alimtazama toka kichwani hadi viatuni, kisha akaendelea na kazi yake. Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. "Mzee amezidiwa na njaa," mmoja akasema. "Mpeeni yangu atangulie."

"Keti, Baba." Nakhumicha, bintiye, alimvuta pindo la koti. "Si wewe umeitwa."

"Wamesema Khisa."

"Wamesema Khisa mbili. Wewe ni mbili?"

Aliketi. Hiyo "mbili" haikuwa imemshtua, maana huku kwetu bara mtu husema watu mbili, watoto tatu, na hakuna anayemkamata. Aliwaza tu kwamba humu ndani mna akina Khisa wengine, Wabukusu wenzake, na mmoja wao hapendi avokado. Akazungusha macho awatafute awasalimie. Hakuna aliyesimama. Badala yake mabakuli mawili yalitoka kwenye dirisha la jikoni yakifuka mvuke. Weita akayapitisha juu ya vichwa vya watu na kuyatua kwenye meza hiyo hiyo yao, mbele ya kijana na msichana waliokuwa wameketi upande wa pili na mabegi ya chuo miguuni.

Si adabu kuchungulia chakula cha mtu, na Mzee Khisa alilijua hilo vizuri. Alichungulia hata hivyo.

Ilikuwa chapati iliyoraruliwa kwa mkono, haikukatwa kwa kisu. Juu yake yalikuwa maharagwe yaliyochemka hadi yakapasuka, yenye supu nyingi, nyekundu, iliyomwagwa sasa hivi na bado ikitokota ukingoni mwa bakuli. Bakuli la msichana lilikuwa na avokado imepondwa katikati. La kijana halikuwa nayo. Wote wawili walipewa kijiko.

Kilikuwa chakula chake. Yeye mwenyewe alikuwa amekibuni, katika hoteli hii, akiwa na vumbi la mahindi hadi kwenye kope.

Nakhumicha hakutaka waje hapa. Alasiri hiyo walitakiwa kuripoti wodini, na kesho asubuhi baba yake angepasuliwa. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye koo, mle chakula kinamopita, na daktari, kijana mpole asiyeficha mambo, aliwaeleza kwamba baada ya upasuaji Mzee angelishwa kwa mpira. Walipouliza kama angerudi kula kwa mdomo kama watu, daktari alisema, "Tutaona." Mzee Khisa alikuwa ameishi vya kutosha kuujua uzito wa neno hilo. Hakulia wala hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kabla hawajamlaza, apelekwe ale hotelini kwa Nyakio.

"Utakula nini na uji wenyewe unakupalia?" Nakhumicha alimuuliza walipokuwa wakifunga mlango wa nyumbani kule Chwele.

"Nitakaa tu, Mama," alijibu. Alimwita Mama kwa sababu binti alikuwa amepewa jina la mama yake Mzee. "Nikae, ninuse, twende."

Kwa Nakhumicha, Eldoret ulikuwa mji uliomwibia baba. Mzee aliondoka binti akiwa bado anatambaa, akapanga chumba mtaa wa Huruma, akabeba magunia kwenye depo ya mahindi miaka na miaka. Alirudi nyumbani na nundu kwenye shingo mahali gunia linapokaa, na mgongo ambao haukunyooka tena. Wenzake waliporudi walisimulia mashamba waliyonunua. Yeye alisimulia maharagwe. Kila jioni ya mvua, kila Krismasi, ilikuwa ni maharagwe ya Nyakio, supu ya Nyakio, chapati za Nyakio zenye tabaka kama shuka zilizokunjwa. Watoto walikua wakizijua hadithi hizo kwa moyo na hawakuziamini hata kidogo. Ni chakula gani hicho cha kumfanya mtu mzima afumbe macho akikitaja?

Lakini wao hawakuwahi kuingia humo na njaa ya gunia. Siku hizo hoteli ilikuwa kibanda cha mbao na mabati, benchi mbili, na dirisha dogo lililotenganisha jikoni na walaji. Mvua ya mawe ya Eldoret ingepiga paa hadi watu wanyamaze. Mle ndani palikuwa na joto, moshi, harufu ya kitunguu kinachogeuka rangi, na Nyakio, wakati huo mwanamke mrefu wa kicheko kikubwa, akiita kila mtu kwa jina. Kule depo hakuna aliyekuwa na jina. Kule alikuwa mgongo mmoja katika mstari wa migongo. Akivuka barabara tu, akiinama kupita mlango wa Nyakio, alikuwa Khisa.

Shida yake ilikuwa lori. Yeye ndiye aliyekaa juu kupanga magunia, kwa hivyo alishuka wa mwisho kwenda kula, na kabla hajamega tonge la pili, dereva alikuwa amekwisha kupiga honi. Akaacha chakula nusu siku nyingi. Siku moja akachoka, akamwambia Nyakio, "Nirarulie hiyo chapati, uimwagie supu hapo juu, ninywe niende."

"Kama mtoto?"

"Kama mtu ana haraka."

Nyakio alicheka hadi akashika ubao wa dirisha. Lakini akararua, akamwaga, akampa kijiko. Kesho yake alimpondea na avokado juu. Khisa alipouliza hiyo ni ya nini, alimwambia, "Umekonda." Na kwa kuwa supu ikimwagwa mapema chapati hugeuka uji, wakazoea mtindo wao. Nyakio angerarua chapati, aweke bakuli tayari, halafu aite kwa nguvu, "Khisa!" Naye, akiwa bado nje anajipangusa vumbi, angejibu, "Mwaga!" Akifika mezani, bakuli limefika.

Ndiyo hayo tu. Hakuna mtu aliyewahi kuyafikiria kuwa ni jambo.

Sasa alilitazama bakuli la msichana hadi msichana akaona haya, akalisogeza kidogo.

"Samahani, binti," Mzee akasema. "Hii chakula inaitwaje?"

"Khisa. Hujawahi kuikula, Mzee? Ni tamu vibaya. Iko hapo kwa ubao."

Nakhumicha aliinua macho ukutani. PILAU. GITHERI. UGALI MATUMBO. KHISA. KHISA BILA AVOKADO. Alisoma mara ya pili, midomo ikitikisika.

"Na Khisa ni nini?" akauliza polepole.

"Khisa ni..." Msichana alisita, akamgeukia mwenzake. "Kigen, kwani Khisa ni nini?"

Kijana alimeza kwanza. "Ni verb," akasema kwa uhakika wote. "Kukhisa. Unararua kitu, unaimwagia kitu moto. Sisi huko chuoni Chepkoilel tunakhisa hata mkate na chai. Pia ni kukula mbio. Kama lekchara ameshaingia na bado hujakula, unakhisa tu unatoka."

"Ama mtu akikuharakisha," msichana akaongeza, "unamwambia, usinikhise."

"Roommate wangu anasema ni Kihindi."

"Kihindi wapi! Labda Kikalenjin."

"Purity, mimi ni Mkale. Hiyo neno hatuna."

Weita alikuwa anapita na sahani tupu. Purity akamsimamisha. "Linah, hebu tuambie. Khisa ni lugha gani?"

"Ni ya hapa," Linah akajibu. "Mimi niliikuta. Wale wazee wa depo walikuwa wakisema, nipatie ya Khisa. Nafikiri Khisa ilikuwa jina ya sufuria."

Vijana wakaangua kicheko. Nakhumicha alifungua mdomo aseme, na chini ya meza mkono wa baba yake ukamshika kifundo, kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo. Alimgeukia. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, machozi yakimlengalenga, na usoni pake pana kitu ambacho Nakhumicha alikuwa amekiona mara moja tu, siku alipoletewa mjukuu wa kwanza akaambiwa, shika.

Hakutaka waambiwe yeye ni nani. Alitaka waendelee kusema.

Nipatie ya Khisa. Aliisikia vizuri, kwa sauti za wenzake wa depo ambao wengi wao sasa wako chini ya udongo. Kumbe siku alipopanda gari la kurudi nyumbani, akiamini hakuna alichoacha ila deni la uchovu, wao walikuja mchana kama kawaida, wakamwona Nyakio ana chapati mkononi, wakasema, nipatie ile ya Khisa. Kesho yake tena. Kisha wakaja wengine ambao hawakumjua Khisa, nao wakasema hivyo hivyo. Lile "ya" likachoka, likaanguka njiani. Jina likaendelea peke yake. Likaingia midomoni mwa mafundi, makarani, wauza mitumba, likavuka hadi chuoni kwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa, wakalifanya kitenzi, wakalinyambua. Yeye, Khisa wa magunia, alikuwa neno. Watu walikuwa wakimsema kila siku na yeye yuko kijijini anafikiri amesahaulika.

"Khisa moja!" Linah aliita, kwa ajili ya fundi fulani aliyeketi mlangoni.

Palipita kitambo, radio ikiimba, masufuria yakigongana. Halafu kutoka nyuma ya dirisha sauti ikauliza, "Khisa!"

"Mwaga!" Linah akajibu, hata bila kugeuka.

Mzee Khisa akageuka ghafla kulitazama dirisha.

"Lazima waseme hivyo," Kigen alimweleza, alipoona ameshtuka. "Usiposema mwaga, haimwagwi. Ni sheria ya hapa. Hakuna anayejua kwa nini."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia mahubiri mengi maishani, na mazishi makubwa, na siku moja alimsikia mtu akisomewa shahada uwanjani mbele ya umati. Hakuna lililowahi kumshika hivi. Alijihisi mdogo na mkubwa kwa wakati mmoja, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Linah aliwafikia wao sasa, kitambaa begani. "Mzee, nikuletee nini? Supu iko, uji wa wimbi uko."

"Uji," Nakhumicha akawahi.

"Khisa," Mzee akasema.

"Baba. Koo."

"Chapati ikikaa ndani ya supu inalainika, Mama. Inakuwa kama uji. Nitangoja." Alimtazama bintiye kwa upole, lakini bila kuomba ruhusa. "Ikikataa, imekataa. Wacha nijaribu. Kesho sijui."

Nakhumicha alitaka kukataa. Aliikumbuka ile asubuhi kiazi kilipomkwama baba yake, alivyogeuka rangi, na yeye alivyompiga mgongoni akilia. Halafu akatazama ubao ukutani, na yale mabakuli mawili yaliyokuwa yakimalizika mbele yake, na hasira yote aliyokuwa ameuwekea mji huu ikakosa mahali pa kukaa. Akamwachia.

"Na wewe, Mama?" Linah akamuuliza.

"Mimi pia nipatie..." Akakwama. Mdomo ulikataa. Tangu azaliwe hakuwahi kumtaja baba yake kwa jina, si mbele yake wala kisogoni, na sasa aliagizwa amtaje kama anataja sahani ya wali. "Nipatie hiyo."

"Hiyo gani? Jina iko hapo."

"Hiyo kama ya Baba. Bila avokado."

Kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani, Mzee Khisa alicheka. Kicheko kilimkwaruza, kikamtoa kikohozi, lakini kilikuwa kicheko. "Mama Linah," akasema alipotulia, "Nyakio mwenyewe alienda wapi?"

"Cucu? Huyo nyanya yetu hajaenda mahali. Aliondoka ile mwaka ya fujo ya kura, tukafikiri ni basi, lakini mambo ilipotulia akarudi. Macho ndiyo imemwacha. Watoto wake wanaendesha hoteli, lakini maharagwe na chapati hapeani mtu." Akaelekeza kidevu jikoni. "Si ndiye huyo unasikia akiita?"

Kisha akageuka, akavuta pumzi. "Khisa mbili! Moja bila avokado!"

Mzee Khisa aliweka viganja viwili juu ya meza. Alisikia, au alidhani anasikia, chapati ikiraruka. Miaka yote hiyo alikuwa akilijibu neno hilo akiwa nje, mbioni, bila kufikiri. Sasa alilingoja kama mtu anayengoja jina lake kanisani.

"Khisa!" sauti ikaita kutoka ndani. Ilikuwa imezeeka, imepungua upana, lakini mwisho wake ulipanda juu kidogo, vile vile, kama swali.

Linah alifungua mdomo. Mzee alimtangulia.

"Mwaga!"

Halikutoka vizuri. Lilipasuka katikati, likatoka nusu sauti, nusu hewa. Lakini lilivuka meza, likapita dirishani.

Hakuna kilichomwagwa. Walingoja, na bado hakuna kilichomwagwa. Upawa uligonga kitu mara moja, ukatulia.

"Linah," sauti ikasema kutoka jikoni. "Nani amesema hiyo?"

"Ni mzee fulani hapa, Cucu. Samahani, hajui utaratibu."

"Anajua."

Pazia la mlango wa jikoni likasogezwa na mkono wenye unga hadi kiwiko. Nyakio alikuwa amefupika. Kitambaa kichwani, bakuli mkononi, alitoka akitanguliza mguu mmoja kupapasa sakafu. Linah alikimbia kumpokea, akafukuzwa kwa kiwiko. Watu walivuta viti, wakakunja miguu, wakampisha bila kuambiwa. Alifika, akalitua bakuli mezani bila kumwaga tone. Mkono uliobaki mtupu ukapanda juu ya bega la Mzee Khisa, ukapita ukosi wa koti, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye ile nundu ya shingoni, ukakaa hapo.

Vidole vikaipapasa.

"Umekonda," akasema.

Mzee Khisa aliushika ule mkono wenye unga akauweka shavuni, na Nakhumicha, ambaye alikuwa hajawahi kuona baba yake akiguswa hivyo na mtu yeyote, alitazama pembeni, kisha akaona hakuna haja, akatazama. Ng'ambo ya meza kijiko cha Kigen kilikuwa kimesimama hewani.

"Kigen," Purity alinong'ona. "Khisa ni mtu."

Nyakio alitafuta kiti kwa mkono, akaketi kando yao. "Na leo lori iko wapi?" akauliza.

"Leo hakuna lori, Nyakio."

"Basi kula polepole. Hujawahi kula hapa polepole. Ulikuwa unaniudhi sana."

Mzee alingoja. Chapati ilikunywa supu, ikavimba, ikalegea, na avokado ikaanza kuyeyuka pembeni. Mvuke ulimpanda usoni na harufu ilikuwa ile ile, kitunguu, dhania, moshi kidogo. Hakuna hata hadithi moja aliyokuwa ametia chumvi. Bakuli la Nakhumicha liliwasili likapoa bila kuguswa. Alikuwa anaangalia koo la baba yake tu.

Mzee alichota kidogo, nusu kijiko. Akakitia mdomoni, akakishikilia kwa ulimi, macho yamefumbwa. Akameza. Nakhumicha alikiona kikishuka, kikafika pale pabaya, kikasimama. Mkono wake ulikuwa tayari mgongoni mwa baba yake. Mzee aliinua kidole kimoja, ngoja. Akavuta pumzi kwa pua. Kikapita.

Akafungua macho, akamtazama bintiye kama mtoto aliyefaulu. "Onja basi, Mama," akasema. "Uone kama nilidanganya."

Nakhumicha alionja. Alichota tena, na tena, machozi yakimdondokea ndani ya supu. Nyakio aliyekuwa anasikiliza kijiko chake akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nje, upande wa barabara, lori lilipiga honi, ndefu, kama ya kumwita mtu. Mguu wa kulia wa Mzee Khisa ukachomoka chini ya meza, unyayo ukajikaza sakafuni. Ulikaa hivyo kidogo. Kisha akaurudisha ndani, akausogeza karibu na wa kushoto, akachota kijiko kingine, akakipuliza.